Mji wa Watu Walionyolewa

Hansa alinipigia simu saa tatu asubuhi nikiwa nimempaka mteja dawa ya kulainisha nywele. Dawa ile ukiichelewesha inaunguza ngozi, kwa hiyo nilimsikiliza simu nimeibana begani na mikono yangu inaosha. Alisema, "Dada Feza, Mama ametutoka alfajiri." Nikaendelea kuosha. Nikamkausha yule mteja, nikampaka mafuta, nikamsindikiza mpaka mlangoni, ndipo nikarudi nikakaa kwenye kiti chake na kujitazama kwenye kioo. Saluni yangu iko Rosettenville, katikati ya duka la mikate la Mreno na fundi cherehani Mrundi, na asubuhi zote za kazi huwa nasikia cherehani yake ukutani. Siku ile sikuisikia. Mama aliyemsema Hansa ni mzazi wake, Mama Kusum, Mhindi wa Tanga aliyeishia Johannesburg kama tulivyoishia sisi wengine, mwajiri wangu wa kwanza na wa mwisho. Nywele nilizoziona kwenye kioo, nyeupe mbele na nyeusi kisogoni, zimeota zote tangu mwaka ule aliponichukua nimsindikize kuhiji India. Nataka kuuandika mwaka ule. Habari za wazazi wangu na kijiji nilikozaliwa nitaziacha zipumzike.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikiishi Yeoville katika chumba cha nyuma kilichokuwa na kitanda kimoja, jiko la umeme la sahani mbili na rafu niliyopigilia mwenyewe. Mume wangu Sadiki alibaki kwetu Kongo, upande wa ziwa, akisema atauza mashua na vyombo kisha atanifuata. Miezi kumi na minne ilipita bila simu wala salamu. Vita vilikuwa vimepita kule mara mbili. Watu wetu hapa mjini walianza kunisalimia kwa sauti ya chini, na mimi nikaanza kuogopa salamu. Nilichoogopa zaidi ni nywele zangu. Ukweni kwangu, mwanamke akifiwa na mumewe wanawake wa ukoo humnyoa kichwa siku ile ile habari inapofika, na ndugu wa marehemu anayeleta wembe ndiye anayemrithi mjane. Ndivyo walivyonyolewa na kurithiwa wengi kabla yangu, na huku Afrika Kusini desturi haikupotelea njiani, ilivuka mipaka yote pamoja nasi.

Mwenye kuleta wembe kwa upande wangu angekuwa shemeji yangu Mukuba, mdogo wake Sadiki, aliyekuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi Marshalltown. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kula. Nilimpikia bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, akala polepole akiwa bado na sare yake ya kazi, na akishiba alinitazama kichwani jinsi mtu anavyotazama shamba lake. "Nywele imekuwa mrefu, shemeji," aliniambia siku moja. Nikamjibu kwamba ni kazi yangu, msusi hawezi kukaa na kichwa kibaya. "Uitunze muzuri," akasema. "Ile nywele iko ya familia." Kisha akatoa mfukoni wembe mpya, ungali kwenye karatasi yake, akanyanyuka na kuuweka kwenye rafu yangu pembeni ya kopo la chumvi. "Ukae hapa. Siku ikifika tusianze kutafuta." Hakupandisha sauti. Alinawa mikono, akaniombea baraka, akaenda kupanda teksi. Sikuthubutu kuutupa ule wembe. Nilihisi kuutupa kungekuwa kama kumjibu, na jibu langu lolote angelipeleka kwa wazee. Basi kila nilipopika nilichota chumvi nimeangalia pembeni, na mara nyingine chakula changu kilikosa chumvi kabisa.

Mchana nilikuwa salama, kwa Mama Kusum. Duka lake lilikuwa mbele, lenye nywele za binadamu kutoka India zikining'inia ukuta mzima, na nyuma ya pazia ndiko tulikosukia. Alikuwa mwanamke mfupi, sari na sweta, raba miguuni, na msuko wake mwenyewe ulimfika kiunoni. Chai yake ya tangawizi ilikaa kwenye thamosi, na hakuna aliyeinywa bila kutaniwa kwanza. Mchungaji wetu alikuwa amehubiri kwamba nywele za India zimetolewa kwa sanamu na zina mapepo, kwa hiyo kila fungu nililolifungua nililiombea kimoyomoyo. Mama Kusum aliona midomo yangu ikicheza. "Sali, mwanangu, sali," alikuwa akisema. "Lakini uzi ukaze." Nilimpenda. Alinisemesha Kiswahili cha kwao Tanga, laini kama maandazi ya moto, na katika mji huu wa makelele kilinituliza.

Siku moja niko nyuma ya pazia natenganisha nywele nilimsikia akiongea na Mzee Asani, mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana, mtu wa ukoo wa mume wangu. Walikuwa wananong'ona. Mzee alisema, "Mama, miye si mutu wa kuficha mambo." Mama Kusum akamjibu, "Hufichi, Mzee wangu. Unachelewa tu. Nipe mpaka turudi." Nilidhani wanaongelea mzigo wa biashara. Nilipotoka, Mzee Asani aligeuza uso upande wa mlango, akasema, "Mungu akulinde, mutoto wangu," akaondoka akaacha chai yake haijaguswa. Jioni ile Mama Kusum alinitangazia safari. Alikuwa ameweka nadhiri Hansa alipolazwa hospitali, kwamba binti yake akipona atakwenda kwenye hekalu la mlimani, kusini mwa India, kutoa nywele zake. Hansa alipona. Sasa magoti ya mama yalikuwa mabovu, na alitaka mtu wa kumshika mkono na wa kusema naye Kiswahili. Paspoti yangu ilikuwa bado haijaisha, na viza aliishughulikia yeye. Nilipomwambia Mukuba, alimaliza bugali kwanza. "Bon. Uende," akasema hatimaye. "Lakini urudi na kila kitu yako." Alikuwa akitazama kichwa changu.

Mji wenyewe sitautaja jina, maana sikuwahi kulitamka sawasawa hata siku moja na wenyeji wakinisikia watanicheka. Tuliufikia kwa basi lililozunguka mlima. Niliposhuka nilirudi nyuma nikaegemea basi. Wanawake, wanaume, vikongwe, watoto wachanga, mabibi harusi wenye bangili mpaka viwiko, wote walikuwa wamenyolewa vichwa, familia baada ya familia. Nilijua maana ya familia nzima kunyolewa. Nilitafuta kwa macho makaburi, malori, askari. Na mji ulikuwa kimya. Watu walitembea pekupeku bila kusukumana, mtu hamfokei mtu, muuza maua hakupiga kelele, kengele tu ililia mbali ikanyamaza. Kwetu mji ukitulia namna ile mtu alimbeba mtoto mgongoni na kukimbilia porini, kwa sababu risasi hazikuwa mbali. Nilimshika Mama Kusum sweta. "Mama, batu bote hapa bamefiwa?" Hakunisikia, alikuwa anahesabu mabegi. Pembeni yetu kwenye bomba la maji kulikuwa na msichana wa rika langu, kichwa cheupe kinang'aa, na mtoto wake begani naye kanyolewa. Sikuweza kumpita. Nilimwendea, nikamshika mikono yote miwili kama tunavyoshika mfiwa, nikainamisha kichwa, machozi yakanitoka. Aliniangalia, akamwangalia mtoto wake, kisha akacheka kwa upole na kunitia ndizi mkononi.

Mama Kusum alipoelewa nililofanya alicheka mpaka akakaa juu ya begi. Alinieleza kwamba hawa wana furaha, ni watu waliojibiwa maombi yao, wamekuja kulipa shukrani kwa kitu ambacho tajiri na maskini wote wanacho. Nilimsikia, lakini maelezo hayakunishuka. Katika chumba cha wageni tulichopewa kulikuwa na vitanda viwili vya chuma, ndoo, kikombe cha plastiki na picha ya mungu wao juu ya mlango, na mimi nililala Biblia iko chini ya shingo. Chakula kilitolewa bure katika ukumbi mkubwa kuliko uwanja wa mpira, watu maelfu wamekaa chini kwa mistari mbele ya majani ya migomba. Wali uliwekwa, mchuzi wa dengu ukamwagwa juu, na hakuna aliyenyoosha mkono kabla ya jirani yake kupata. Niliomba mara tatu kwa sababu niliogopa chakula cha sanamu, halafu njaa ikanishinda nikala, na nikapewa tena bila kuulizwa mimi ni nani. Miaka mitano nilikuwa nimepanga foleni za wakimbizi na hakuna mlo niliowahi kupewa bila kuulizwa hivyo. Hilo nalo lilinitisha. Nilikuwa nimezoea kwamba anayekupa bure ana jambo lake.

Asubuhi ya pili tulikwenda kwenye ukumbi wa kunyolea. Mama Kusum alinipa viatu vyake nivishike, akaenda peke yake kwenye dirisha la kutolea namba, akarudi ameficha kiganja. Ndani vinyozi walikaa mistari mistari juu ya vijukwaa vya saruji, kila mmoja na ndoo yake, na sakafuni kulikuwa na nywele. Kila siku ya kazi yangu Yeoville nilishika mafungu yaliyochanwa na kufungwa riboni. Pale zilikuwa bado zina joto la vichwa. Tulipewa kinyozi mwanamke, bibi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na Mama Kusum akaniambia nikae hapo hapo kando yake, mbele ya yule bibi. "Jimwagie maji kichwani, joto hili," akasema. "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Alikuwa mtu wa methali na mimi nilikuwa mtu wa kutii. Nilifungua kilemba, nikajimwagia maji. Msuko wake ulikatika mara mbili tu, ukaanguka kama kamba ya kisima, na kichwa kilichotokea kilikuwa kidogo na cha kitoto, nikataka kukifunika. Kisha yule bibi akageuka. Aliniwekea mkono utosini, akaniinamisha kidevu, na kabla sijajua ni nini wembe ukapita kutoka paji la uso mpaka kisogoni.

Wembe ukiwa kichwani hukurupuki. Nilikauka. Nilisikia ukikwaruza, nikaona nywele zangu zinadondoka mapajani, zile nilizozilinda Jumapili zote zile, na sauti ilipotoka nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha. Mama Kusum alinishika goti kwa nguvu. "Tulia, mwanangu. Tulia usije ukakatwa." Nikamwambia, "Mama, ameniulia Sadiki." Niliamini hivyo kabisa. Mjane hunyolewa kwa sababu mume amekufa, na mimi niliyekuwa nimekataa kuwa mjane miezi kumi na minne nilikuwa nimekaa mwenyewe, nimejitia maji mwenyewe, nikakubali. Yule bibi alimaliza, akanipangusa masikio kwa kitambaa, akanitabasamia. Wakatupaka liwa ya msandali vichwani, baridi, inanukia. Mama Kusum aliingia hekaluni kwenda kumwona mungu wake. Mimi nilikaa nje kwenye ngazi kati ya mamia ya vichwa kama changu, na kwa mara ya kwanza katika mji ule hakuna aliyenitazama kama mgeni.

Siku mbili nililia katika chumba kile cha vitanda vya chuma. Mama Kusum hakuniambia ninyamaze. Alikaa kitandani kwake anamenya machungwa, anatoa utando mweupe mmoja mmoja, anapanga vipande kwenye kifuniko cha thamosi na kunisogezea. Nilimuuliza kama kinyozi alikosea. Akasema vinyozi wana watu wengi. Nilimuuliza kama Mungu anaweza kumchukua mtu kwa sababu ya kosa la kinyozi. "Wembe haumfikii mtu aliye mbali," akasema. Nikamwomba aniambie kwamba Sadiki yuko hai, aseme tu, hata kama hajui. Alinitazama na kile kichwa chake kidogo, macho yamemwiva, akanisogezea chungwa. "Kula, mwanangu." Nilimwona hana huruma. Tulirudi Johannesburg, na afisa wa uwanja wa ndege akaishika paspoti yangu akilinganisha picha na kichwa mara tatu, kisha akasema, "Eish, sisi, what happened?" yaani dada, umepatwa na nini, na kunigongea muhuri.

Siku ya nne baada ya kurudi walikuja saa kumi jioni. Mzee Asani, Mukuba, na wanawake watatu wa ukoo, mkubwa wao Mama Nabintu, aliyekuwa amewanyoa wajane wengi kuliko miaka yangu. Walijaza chumba, wawili wakakaa kitandani. Nilikuwa nimefunga kilemba kikubwa. Mzee Asani alivua kofia akasema aliyokuja kusema, kwamba Sadiki alikufa, na kuna watu walimzika, na ni kweli. Mimi nikamuuliza, "Kabla ya nywele ao kisha?" Wale wengine walitazamana. Mzee peke yake alinielewa. "Kabla, mutoto wangu. Mbele sana ya safari yenu." Nikasema, "Asante Mungu," kwa sauti, mbele ya ndugu za marehemu. Aibu ya neno lile ninayo mpaka leo. Lakini hilo ndilo lililonijia kwanza, sikumuua, na kulia kulikuja baadaye, kukaja kwa namna ambayo sitaieleza.

Mukuba hakungoja nimalize. Alikwenda kwenye rafu, akachukua wembe wake pembeni ya chumvi, akaufungua karatasi. Mama Nabintu alipiga magoti nyuma yangu na kufungua kilemba. Mikono yake ikasimama. Kichwa changu kilikuwa kama mchanga, na nyuma ya masikio bado kulikuwa na manjano ya liwa. "Nani alikunyoa?" Nikamwambia mwanamke wa India, kwenye hekalu. "Na nywele iko wapi?" Nikasema zilibaki kule. Nilimsikia akifuta viganja kwenye kitenge chake. Mukuba akasema si neno, watangoja zimee. Mama Nabintu akamgeukia. "Nywele ya matanga ni ile ilimujua bwana. Hii itakayomea haimujui Sadiki. Na hii kichwa ilishatolewa kwa mungu wa wengine, miye siigusi. Unaitaka, uinyoe weye." Alimpa nafasi, kweli akasogea. Mukuba alisimama na wembe kati ya vidole viwili. Alikuwa mkristo wa kanisa letu, na mahubiri yale kuhusu nywele za India aliyasikia kama mimi. Nilimtazama machoni kwa mara ya kwanza katika mwaka ule na nikaona kitu ninachokijua kuliko wote waliokuwa chumbani. Aliogopa. Aliuweka wembe mezani, akasema ana zamu, akatoka. Alikaa miezi bila kuja, kisha nikasikia amehamia Cape Town na ameoa.

Miaka yote hii nimeieleza hadithi hii kama bahati, nikiwachekesha wateja, kinyozi kipofu wa India aliyekosea kichwa. Juzi, baada ya kumchoma Mama Kusum kwa desturi yao, nilirudi na Hansa nyumbani kwao Lenasia kumsaidia kuosha vyombo. Alinipa bahasha. Ndani kulikuwa na vikaratasi viwili vya foleni vilivyofifia, namba zinafuatana, vya dirisha la ule ukumbi. Hansa alisema mama yake alimweleza yote wiki ya mwisho. Mzee Asani alifika dukani na habari ya msiba kabla ya safari, na Mama Kusum ndiye aliyemuuliza, kimoja baada ya kingine, ni nini humpata mjane wa kwao, na nani analeta wembe, na kama kichwa kimeshanyolewa inakuwaje. "Alisema utamchukia kidogo," Hansa akaniambia, "halafu utaacha."

Nilimchukia. Nilisimama pale jikoni nikamchukia maiti asiye na hata kaburi. Siku zile zote alijua, akanimenyea machungwa, akaniacha niamini kwamba nimemuua mume wangu. Kisha nikamkumbuka yule msichana niliyekuwa. Ningeambiwa ukweli Yeoville, ningekwenda kwa miguu yangu mwenyewe kwa Mama Nabintu na kuinamisha kichwa, kwa sababu sikuwa na ujasiri hata wa kutupa wembe wa mtu. Mama Kusum alilijua hilo, na alinyamaza kitandani kwake kwa sababu angefungua mdomo angesema. Sijui kama ningeweza kumfanyia mtu yeyote vile. Sijui pia kama nimeshaacha kumchukia.

Jumamosi Hansa alikuja saluni kabla sijafungua mlango wa mbele. Hana kaka, na kwao mtoto wa kiume ndiye hunyoa kwa ajili ya mzazi. Alikaa kwenye kiti, akaondoa pini kwenye nywele, akasema, "Dada Feza, ninyoe." Nilijaza bakuli. Nikamtia maji kichwani, nikamnyoa bila haraka kutoka paji la uso mpaka kisogoni, nikampangusa masikio. Kisha nikajitia maji mimi, nikakaa kwenye kiti cha pili, nikampa wembe. Nilikuwa nimeununua mwenyewe asubuhi ile, kwenye spaza, kiduka cha pale kona.